Watoto Waliopiga Kelele Ttanda: Uhakiki wa Kisa cha Kintu na Walumbe

Mwaka jana mwalimu wetu wa fasihi simulizi alitupa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua ngano moja ya kwao, aiandike kwa Kiswahili, kisha aisimulie mbele ya darasa kana kwamba wasikilizaji ni watoto. Tulikuwa mchanganyiko: Waganda, Waacholi, Wanyankole, na Mkongomani mmoja aliyetushinda sote kwa ufasaha. Mimi nilichagua kisa cha Kintu, Nambi na Walumbe, kwa kuwa ndicho nilichokijua kwa ghibu. Mama yangu alikuwa akinisimulia nikiwa mdogo, jikoni, tukimenya matoke. Nilikiandika kama alivyokisema, kadiri Kiswahili changu kilivyoniruhusu, na nikapata alama nzuri.

Kabla ya kwenda darasani nilifanya mazoezi nyumbani. Msikilizaji wangu alikuwa binti yangu, wakati huo ana miaka mitano. Alikipenda kisa hicho. Kila nilipofika pale watoto wanapomwona Walumbe akitoka ardhini na kupiga kelele, naye alipiga kelele, akacheka, akataka nirudie. Mama yangu, ambaye tuliishi naye, alikuwa akisikiliza kutoka chumbani kwake na mara mojamoja akinisahihisha.

Miezi miwili baadaye mama alifariki. Alikuwa mgonjwa wa moyo kwa muda mrefu. Siku ya mwisho binti yangu alikuwa akicheza uani na watoto wa jirani, wakawa wanapiga makelele ya michezo, na shangazi yake akatoka mlangoni akamwambia, "Nyamaza, Jjajja amelala!" Jjajja ndivyo Waganda tunavyomwita babu au bibi. Usiku ule ule Jjajja akatutoka.

Wiki moja baada ya mazishi nilikuwa namwogesha. Akaniuliza, "Maama, ni mimi niliyepiga kelele?" Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia michezo ya siku hiyo, nikamwambia asiseme hivyo, anyamaze, nikaendelea kumsugua mgongo. Nilipokuwa kitandani ndipo nilipoelewa. Mwanangu alikuwa ameuliza kama yeye ndiye aliyemfungulia Walumbe mlango.

Insha hii imetokana na swali hilo. Hoja yangu ni kwamba kisa cha Kintu, ambacho kwetu ndicho chombo cha kwanza cha mzazi kumweleza mtoto mauti yametoka wapi, kina maarifa makubwa kuliko tunavyokitendea. Kosa liko katika usimulizi wetu: tunakimalizia kwenye kelele za watoto, tukasahau yote yaliyotangulia. Na kosa hilo si dogo, kwa sababu msikilizaji wake ni mtoto.

Kisa chenyewe

Kwa msomaji asiyekijua, nitakieleza kwa ufupi. Kintu alikuwa mtu wa kwanza katika Buganda, akiishi peke yake na ng'ombe wake mmoja. Nambi, binti wa Ggulu, ambaye jina lake lina maana ya mbingu, alishuka duniani, akamwona Kintu, akampenda. Ndugu za Nambi hawakumtaka mtu huyo maskini, na Ggulu akamtahini. Alipewa chakula cha kulisha watu wengi akile peke yake. Akaambiwa alete kuni za mwamba, kisha maji ya umande. Mwisho akatakiwa kumtambua ng'ombe wake katika kundi kubwa, na nyuki akamsaidia kwa kutua juu ya pembe. Kintu alishinda, akapewa mke.

Ggulu akawaonya waondoke upesi, wala wasirudi nyuma hata wakiwa wamesahau kitu, kwa maana Walumbe, kaka yake Nambi, alikuwa hayupo na akirudi atataka kufuatana nao. Walumbe ndiye mauti. Njiani ikakumbukwa kwamba ulezi wa kulisha kuku umesahauliwa. Nambi akarudi kuuchukua, na Walumbe akamfuata. Huko duniani Kintu na Nambi walizaa watoto. Walumbe akaja kuomba apewe mtoto mmoja wa kumsaidia kupika. Kintu akakataa, akisema Ggulu akija atamwambia nini. Walumbe akaomba tena, akakataliwa tena, akasema basi atawaua. Watoto wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine.

Kintu alipolalamika mbinguni, Ggulu alimkumbusha onyo lake, lakini akamtuma mwanawe mwingine, Kayikuzi, yaani mchimbaji, aende kumkamata nduguye. Walumbe akakimbilia chini ya ardhi mahali paitwapo Ttanda. Kayikuzi akachimba na kuchimba, naye Walumbe akizidi kudidimia. Basi Kayikuzi akaagiza watu wote wajifungie ndani kwa siku mbili, na yeyote atakayemwona Walumbe asipige kelele. Walumbe akatoka. Watoto waliokuwa nje wakichunga mbuzi wakamwona, wakapiga ukelele, naye akarudi ardhini. Kayikuzi akasema amechoka, akapanda kwao. Kintu akasema: Walumbe na aue, lakini hatawamaliza watoto wote ambao Nambi atazaa. Ndipo msemo wetu unapotoka, kwamba wana wa Kintu hawatakufa wakaisha.

John Roscoe, mmisionari Mwingereza, alikiandika kisa hiki katika kitabu chake juu ya Waganda cha mwaka 1911, na tangu hapo kimechapwa mara nyingi. Mashimo ya Ttanda yapo, upande wa Mityana, na watu huenda kuyatazama hadi leo. Lakini nguvu ya kisa haiko vitabuni wala mashimoni. Iko jikoni na kando ya kitanda cha mtoto, na huko ndiko ninakotaka kukihakiki.

Mauti ni mjomba

Jambo la kwanza la kusifu ni ukoo. Mauti ya Waganda si jitu geni lililotoka porini. Walumbe ni kaka wa mama yetu Nambi, kwa hiyo ni mjomba wa watoto wote. Nilipokuwa mdogo jambo hili halikunishangaza. Nilipolazimika kulitia katika Kiswahili ndipo nilipoliona. Niliandika "mjomba wao" na mkono ukasimama. Mjomba ni mtu wa kumkimbilia. Mjomba huleta zawadi. Katika kisa hiki mjomba anakuja mlangoni na ombi ambalo kila ndugu hulileta: nipe mtoto mmoja anisaidie kazi za nyumbani. Ni watoto wangapi wa kwetu waliokua kwa mjomba au shangazi kwa ombi kama hilo?

Wazee husimulia kwamba zamani mjomba alikuwa na haki juu ya watoto wa dada yake, na baba alipaswa kuwakomboa. Kwa hiyo msikilizaji wa zamani alisikia kitu ambacho sisi hatukisikii. Walumbe hakuja kama mwizi. Alikuja kama mwenye haki, akanyimwa. Mauti, kwa maelezo ya kisa hiki, ni deni la kifamilia lililoachwa bila kulipwa.

Kwa mtoto, maelezo haya yana faida. Yanamwambia kwamba mauti imo katika nyumba ya watu tangu mwanzo, na kwamba kufiwa si adhabu iliyoangukia nyumba yetu peke yake. Mzazi anayemwambia mtoto, "Walumbe ni ndugu wa Nambi," amemwambia kweli moja ngumu kwa maneno ambayo mtoto anaweza kuyashika. Sijaona katika vitabu vya watoto ninavyotumia shuleni maelezo yaliyo mafupi na mazito kama hayo.

Makosa manne kabla ya kelele

Jambo la pili ni mpangilio wa lawama. Tukiuliza katika darasa lolote la Waganda, nani alileta mauti, jibu la kwanza litakuwa Nambi, kwa ajili ya ulezi wake. Jibu la pili litakuwa watoto, kwa ajili ya kelele zao. Mwanamke na mtoto. Hatuna haja ya kuwa wahakiki wakubwa ili kuona kwamba lawama imewaangukia wale wasiokuwa na kiti barazani. Mzee mmoja wa kijijini kwetu husimulia kwamba ni Kintu mwenyewe aliyerudi kuchukua ulezi, na wasikilizaji wake humcheka, wakidhani amesahau. Hajasahau. Ndivyo alivyopokea yeye, na kisa hakivunjiki hata kidogo kikisemwa hivyo.

Lakini hata tukiuacha ulezi mikononi mwa Nambi, tuhesabu makosa kwa zamu. La kwanza ni la Ggulu. Yeye alimwoza binti yake kwa siri, akamficha mwanawe mmoja, akawaambia maharusi watoke kama watoroshwao. Nyumba inayotoa mke bila kumwambia kaka yake inatafuta ugomvi. La pili ni la ulezi. La tatu ni la Kintu, aliyemnyima shemeji yake ombi lake, tena mara mbili, wala hakutafuta njia ya kati. La nne ni la Kayikuzi, ambaye alipewa kazi moja tu, na ilipomshinda mara ya kwanza akasema amechoka akaenda zake.

Baba mkwe, mke, mume na shemeji: wote ni watu wazima, na wote walijua Walumbe ni nani. Kelele za watoto zinakuja mwisho wa mnyororo huu. Hata hivyo, kwa kuwa ziko mwisho, ndizo zinazobaki masikioni. Msimulizi akifika pale hupaza sauti, watoto hupiga ukelele, kila mtu hucheka, kisa kimekwisha. Nilifanya hivyo hivyo. Nilikuwa fundi wa sehemu hiyo, na darasani nilipigiwa makofi.

Kwa mtu mzima, mpangilio huu hauna madhara. Anajua ni ngano. Mtoto wa miaka mitano hajatenganisha bado anachofanya na kinachotokea. Akimkasirikia mwenzake usiku, na mwenzake akaugua asubuhi, yeye huona mambo mawili hayo yamefungwa kamba moja. Mpe mtoto wa aina hiyo kisa kisemacho kwamba watoto walipiga kelele na mauti ikabaki duniani, kisha siku ya msiba mwambie, "Nyamaza, Jjajja amelala." Hesabu ataifanya mwenyewe, na hatakuonyesha majibu.

Watoto wasiosemeshwa

Baada ya swali la binti yangu nilikirudia kisa kwa jicho jingine, nikawatafuta watoto tu. Wanatokea mara tatu. Kwanza wanaombwa, lakini ombi linakwenda kwa baba. Pili wanakufa, na malalamiko yanakwenda kwa babu. Tatu wanapiga kelele. Katika kisa chote hakuna mtu anayewasemesha. Hakuna anayewaambia, "Huyu anayeitwa Walumbe yuko hivi na hivi, mkimwona mtaogopa, lakini vumilieni." Amri ya Kayikuzi ilikuwa kwa watu wote, lakini kisa hakituambii ni nani aliyeifikisha kwa wachunga mbuzi. Na mbuzi hawajui amri. Lazima wale.

Nikitazama hivyo, ukelele wa Ttanda siuoni tena kama utovu wa adabu. Ni sauti ya mtoto aliyekutana na mauti bila kuandaliwa. Mtoto yeyote angepiga kelele, na mtu mzima pia. Kama kisa kina funzo kwa wazazi, nadhani limejificha hapa: ukimwagiza mtoto anyamaze bila kumwambia kuna nini, usimlaumu siku atakapopiga ukelele.

Mtu anaweza kunipinga akasema kwamba naichosha ngano kwa maswali ya kisasa, na kwamba wazee walikuwa na shabaha yao, kufundisha utiifu. Nakubali kwamba utiifu umo. Lakini utiifu unaofundishwa katika kisa ni wa kila mtu. Nambi hakutii, na watoto hawakutii. Tofauti ni kwamba Nambi alipewa sababu, na watoto hawakupewa. Msimulizi mzuri anaweza kuionyesha tofauti hii bila kubadilisha tukio hata moja.

Mama aliyemwita binti yake karibu

Muhula huo huo tulikuwa tukisoma Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Darasani mjadala ulikuwa mkali. Wasichana wengi tuliukataa kwa yale unayomfunza mke juu ya kumtii mume. Sitaurudia mjadala huo. Nataka kutazama jambo ambalo hatukuligusa, yaani hali ya mazungumzo yenyewe.

Mwana Kupona ni mgonjwa, na ugonjwa wake umedumu. Hamfichi mwanawe. Anamwita aje karibu, tena aje na wino na karatasi. Jambo hili nililipita haraka niliposoma mara ya kwanza, na baada ya msiba wetu sikuweza kulipita. Mama anayejua anaondoka anampa mtoto kazi ya kufanya. Hamwambii aende nje akacheze. Hamwambii anyamaze. Anamweka mahali ambapo atasikia kila neno, na anampa kitu cha kushika mkononi.

Kuna jambo la pili. Ndani ya utendi huo anamsimulia binti yake jinsi alivyoishi na baba yake, na jinsi baba huyo, saa yake ilipofika, alivyomtamkia mkewe radhi tena na tena. Yaani mtoto anapewa habari za kifo cha baba yake kutoka kwa aliyekuwapo. Anajua baba alisema nini. Wangapi kati yetu tunajua maneno ya mwisho ya wazee wetu? Mimi ya mama yangu nayajua kwa kuwa nilikuwa naye. Baba yangu alipokufa nilikuwa na miaka saba, nikapelekwa kwa jirani, niliporudi nyumba imejaa watu na hakuna aliyenieleza. Hadi leo kifo chake ninacho kama chumba kilichofungwa.

Haki inanitaka niseme pia mipaka ya ulinganisho huu. Mwana Hashima hakuwa mtoto wa miaka mitano. Alikuwa msichana anayeelekea unyumba. Na huo ni utendi, wala si ngano, umetungwa katika nyumba ya Kiislamu ambamo maneno ya kuagana na dunia yana utaratibu wake. Zaidi ya hayo, Mwana Hashima hasemi. Anaitwa, anaketi, anaandika, anasikia. Hatujui aliuliza nini. Kwa hiyo kazi zote mbili, ya Waganda na ya Siyu, zina mtoto asiye na sauti. Siyu mtoto ana wino. Ttanda mtoto ana ukelele. Swali halimo popote.

Neno la kumwambia mtoto

Nije sasa kwenye lugha, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika katika insha, "Bibi yake alikufa." Mwalimu alikata neno hilo kwa wino mwekundu akaandika juu yake "alifariki." Alitueleza kwamba mtu hufariki, huaga dunia, hututoka, hutangulia mbele ya haki. Nilizipenda tamathali hizi. Kwetu pia tunazo. Kabaka hasemwi amekufa. Husemwa ameondoa mkono katika ngao. Ni heshima kwa aliyekufa, na ni mkono begani kwa aliyefiwa.

Lakini tafsida ni adabu ya watu wazima kwa watu wazima. Inafanya kazi kwa sababu pande zote mbili zinajua neno lililofichwa. Mtoto hajui. Ukimwambia amesafiri, atakaa mlangoni kumngoja. Ukimwambia amelala, atauliza ataamka lini, au ataogopa kulala yeye. Ukimwambia Mungu alimpenda akamchukua, ataanza kumwogopa Mungu anayependa hivyo. Binti yangu aliambiwa "amelala" kabla ya kifo na "amelala" baada ya kifo, kwa sauti ile ile ya shangazi. Siku moja aliniuliza, kama kelele zilimwamsha Jjajja akaenda, je, akipiga kelele sasa kaburini, hatarudi? Hiyo ni fikra safi kabisa. Kilichokuwa kibovu ni neno tulilompa afikiri nalo.

Kwa hiyo nilitumia neno lililokatwa kwa wino mwekundu. Mazungumzo yalikuwa kwa Luganda, nayaandika hapa kwa Kiswahili. Ilikuwa kesho yake asubuhi baada ya lile swali la bafuni. Nilimkalisha kwenye mkeka jikoni, nikampa kisu butu na tunda moja la matoke amenye, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kitu kwa Mwana Kupona.

"Jana uliniuliza kama wewe ndiye uliyepiga kelele," nilimwambia. "Sikukujibu vizuri."

Akanyamaza, akimenya.

"Jjajja amekufa. Alikuwa na ugonjwa wa moyo. Moyo wake ulichoka, ukasimama. Kelele za watoto hazisimamishi moyo wa mtu."

"Hata kelele nyingi?"

"Hata nyingi."

"Na kulia?"

"Kulia pia hakuui mtu."

"Wale wa mbuzi je?"

Hapo nilikwama kidogo. Nikamwambia ile ni hadithi, na kwamba hata katika hadithi watu wakubwa walikuwa wamekwisha kosea kabla yao, na hakuna aliyewaeleza wale watoto. Akafikiri. Kisha akauliza kama kile kikombe cha Jjajja cha bati sasa ni chake. Nikamwambia ni chake. Hakuuliza zaidi siku hiyo.

Je, kisa kiachwe?

Wenzangu wawili niliowasimulia haya walisema dawa ni kuacha kuwasimulia watoto kisa hiki, au kukikata kile kipande cha ukelele. Sikubaliani nao. Tukikiacha, mtoto wa Kiganda atabaki na "amesafiri" na "amelala," nayo ni maneno dhaifu kuliko Walumbe. Na tukikata ukelele tutakuwa tumewatoa watoto katika kisa kabisa, wasiwepo hata mara ile moja wanapotoa sauti.

Wapo pia wanaosema maneno ya mwisho ya Kintu yanatosha kumfariji mtoto. Hapo nakubali nusu. Kwamba wana wa Kintu hawataisha ni faraja ya ukoo, na siku ya mazishi, watu wamejaa shambani na watoto wachanga wamebebwa migongoni, niliiona kwa macho. Lakini mtoto haombolezi ukoo. Anamlilia mtu mmoja aliyekuwa akimpa chai katika kikombe cha bati. Kumwambia kwamba watazaliwa wengine ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza.

Ninachopendekeza ni kidogo. Ngano zetu na za Waswahili zina desturi ya kuitikiana. Msimulizi husema "Paukwa," watoto hujibu "Pakawa." Mtoto ana ruhusa ya kuitikia mlangoni mwa hadithi, lakini akishaingia ndani hukaa kimya. Msimulizi wa kisa cha Kintu asimame mahali pawili. Asimame pale Walumbe anapoomba mtoto, aulize, "Ungekuwa Kintu ungemjibuje?" Asimame tena pale Kayikuzi anapotoa amri, aulize, "Ni nani aliyewaambia wale wa mbuzi?" Kisha asikilize. Hilo haliondoi tukio lolote. Linampa mtoto nafasi ambayo kisa hakikumpa, ya kuuliza kabla ya kupiga ukelele.

Tumekijaribu nyumbani. Mwezi uliopita, tulipokuwa tukijiandaa kwenda kijijini kwa sherehe ya kumaliza msiba, binti yangu aliomba asimulie yeye. Alianza vizuri, akaruka mitihani ya Ggulu isipokuwa ya nyuki, akafika Ttanda. Watoto wakamwona Walumbe, wakapiga ukelele. Nilimwuliza, "Basi wao ndio waliofanya Walumbe asishikwe?"

Alinitazama kama mtu anayemhurumia mwanafunzi mzito.

"Hapana. Kayikuzi alikuwa amechoka," alisema. "Hata wangenyamaza, asingemshika."

Nimekitafuta tena kisa changu, kile kilichopata alama nzuri, nikakisoma. Neno "amechoka" limo, nililiandika mwenyewe kwa mkono wangu, na sikuwahi kufikiri lina kazi gani.